Kilo Ishirini

Mwaka wa kumi na tisa wa kubeba, magoti yalikataa.
Si kupanda; kupanda yalikubali.
Yalikataa kushuka, pale Mweka, kwenye ngazi za mizizi,
nikashuka kinyumenyume kama mtoto anayetoka kitandani,
wageni wakidhani nauaga mlima.

Basi Jumamosi nimesimama Soweto,
kwenye banda la gari la Dokta Masuki anayehamia Dodoma,
ambako, anasema, hakuna pa kuelea ila kwenye madeni.
Kayaki mbili zimelazwa juu ya matairi:
fupi ya plastiki, rangi ya ndizi mbivu, pana kiunoni,
na ndefu, nyeupe, nyembamba, ina kiraka ubavuni.

"Hiyo fupi ni ya kwenda na kurudi.
Chapati mbili, chupa ya maji, jioni uko kwako.
Haikutupi hata ukipiga chafya.
Ila safari ya kulala njiani itakuchosha:
inayasukuma maji, haiyapasui,
na ukipumzisha kafi inageuka kukutazama."

Naigonga ile ndefu kwa kifundo cha kidole,
sikio karibu, kama mama yangu anavyonunua fenesi.
Inalia kavu. Kwenye kiraka, nzito kidogo.
Namimina ndoo ya maji kwenye stoo ya nyuma,
nangoja kikombe kizima cha kahawa.
Sakafuni, tone moja. La pili halikuja.

Kisha naikalia, hapo hapo juu ya majani,
maana kayaki ni kiatu cha mtumba pale Memorial:
usiulize namba, vaa.
Nyonga zijae bila kubanwa,
nyayo zipate pa kukanyaga,
magoti, haya haya, yaegemee chini ya sitaha
moja kulia, moja kushoto.
Yakaingia. Hayakulalamika.
Nikakaa humo kuliko muda unaohitajika kupima chombo,
Dokta akaenda kumalizia kufunga masanduku.

Shuleni Kibosho niliwahi kuandika kwenye mtihani
*kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani*,
nikapewa vema, tezi siijui, omo silijui,
ngama nikidhani ni ugonjwa wa kuku.

Bwawani Nyumba ya Mungu, kabla upepo haujaamka,
nilipinduka mara tatu.
"Unapigana nayo kwa mabega," alisema Kundaeli,
maji kifuani, ameshika tezi kama mkia wa ng'ombe.
"Mikono ni kamba tu. Zungusha kiwiliwili.
Ikiinama, iache; legeza kiuno.
Na ukianguka, shika chombo kwanza,
kafi la pili, aibu baadaye."

Mara ya nne nikainua goti la kushoto, kidogo,
chombo kikalalia ubavu wa kulia,
na omo likageuka kushoto taratibu, bila ugomvi.
Goti lile lile la Mweka
limegeuza mita tano za chombo.
Sikumwambia Kundaeli. Nilirudia mara sita.

Kupakia tu ndiko sikufundishwa na mtu.
Maji katikati, chini, karibu na mgongo.
Mchele na dagaa nyuma yake.
Hema omoni, blanketi tezini, vyepesi vikae mbali;
ukikosea, omo linafuata upepo
kama mbuzi aliyenusa shamba la watu.
Lango la Machame walitupimia kilo ishirini,
mzani ukining'inia, msimamizi akiandika;
baridi na njaa havikuwa na safu yake kwenye daftari.
Hapa nimepakia arobaini, siku tatu,
na maji yamepanda vidole viwili tu ubavuni.

Aisiara ameuliza nani ataniokota.
Nimemwonyesha filimbi, jaketi, na ratiba niliyomwachia Kundaeli.
Amecheka filimbi. Ratiba ameikunja, ameitia kwenye sidiria.

Alfajiri mlima uko wazi wote, mweupe juu, nyuma yangu.
Ili niuone lazima nigeuze chombo,
na upepo unaanza.
Kiraka kinavuja.
Nimebeba sifongo.